Rangi nyekundu ya chini ya boti: geuza kopo kabla ya kulipa

Kwa kazi yake, rangi hii ya kopo la lita 5 haidanganyi. Boti ya faiba inayolala majini Mikindani au Msimbati hukaa miezi bila ukoga wala magamba, na injini hainywi mafuta ovyo. Kasoro iko kwenye maandishi madogo ya nyuma. Shaba ya kuzuia viumbe wasiote ipo, hilo linajulikana. Ila baadhi ya makopo yana diuroni, dawa ileile ya kuulia magugu shambani, nayo haibagui mwani wa kwenye boti na ule wa kwenye tumbawe.

Ndani ya nyama ya tumbawe mna vimwani vidogo mno vinavyomlisha mwenyeji wao kwa usanisinuru. Mwanga ukipiga klorofili, elektroni hurushwa na kudakwa na kibebaji kinachotua kwenye protini iitwayo D1. Diuroni hukikalia kiti hicho. Elektroni hukosa pa kwenda, jua la saa sita linazidi kuchoma, na nishati iliyokwama huzaa oksijeni kali inayounguza vimwani. Tumbawe huvitema, hubaki jeupe, njaa ikaanza. Hata chini ya mikrogramu 1 kwa lita inatosha kudumaza usanisinuru, yaani pungufu ya gramu 1 katika lita milioni moja. Kwenye ghuba iliyojifunga kama ya Mikindani, boti chache zilizotia nanga pamoja si jambo dogo.

Majina ya kiwandani hubadilika, namba za utambulisho wa kemikali (CAS) hazibadiliki: tafuta 330-54-1, hiyo ni diuroni. Ukikuta 28159-98-0, ni sibutrini, yenye madhara ya namna ileile. Shirika la Kimataifa la Bahari limezuia kuipaka vyombo tangu Januari 1, 2023, lakini kopo la zamani laweza kuwa bado rafuni. Kopo lisilo na hizo mbili naliwekea nyota 4. Lenye mojawapo, 1, hata likipunguzwa bei. Boti ya alumini isiguswe na rangi ya shaba kabisa, italiwa na kutu.

Ngalawa inayopwelewa kila siku haiihitaji: jua hukausha ukoga bure, na mchanga utaikwangua rangi yote hadi ufukweni. Deheni ya chokaa na shahamu inatosha.

Kipimo cha eneo la kupaka: urefu mara (upana + kina cha majini) mara 0.75. Boti ya mita 7, upana 2, kina 0.4, ni kama mita za mraba 12.6. Lita 1 hupaka takriban 9, hivyo mikono miwili ni lita 2.8. Gawaneni kopo na jirani.

Kukwangua ya zamani ndiko kunakoharibu zaidi. Vuta boti juu ya mstari wa bamvua, tandika turubai, piga msasa wa maji, maana vumbi kavu ni sumu kifuani. Kusanya maganda yote kwenye ndoo yenye kifuniko. Na brashi isioshewe baharini.