Kadi ya Intel AX200 kwenye kompyuta ya Linux: uzoefu wangu na waifai iliyokuwa ikikatakata

Kwa mwenye haraka: kadi hii ya waifai ni nzuri, kwangu imemaliza tatizo, na ningeinunua tena. Ila wengi wanaolia kwamba waifai inasumbua kwenye Linux hawahitaji kununua chochote. Wanahitaji kujua kwanza nani anamkata mwenzake, rauta au kompyuta. Kwa hiyo nitachelewa kidogo kufika kwenye kadi yenyewe.

Mashine yangu ni kompyuta mpakato ya mtumba yenye prosesa ya AMD Ryzen, iliyotumika ofisini huko Ulaya kabla ya kufika Kariakoo. Nimeiwekea mfumo wa Linux Mint kwa sababu kazi zangu ni kuandika, kutafsiri na vikao vya mtandaoni, na Mint haina makuu. Sauti, kamera, hata vitufe vya kuongeza mwanga wa skrini, vyote vilifanya kazi siku ile ile. Waifai ndiyo iliyokuwa na nongwa. Kadi iliyokuja nayo ni ya kampuni ambayo sitaitaja. Kikao kinaendelea vizuri, ghafla sura za watu zinaganda, huku alama ya mtandao kwenye kona ya chini bado imejaa, kisha baada ya muda mambo yanarudi kana kwamba hakuna lililotokea. Simu yangu iko mezani pale pale, kwenye rauta ile ile, inacheza video bila wasiwasi.

Nikaipeleka kwa fundi. Hakuifungua hata. "Mkuu, hii Linux ndiyo inakusumbua. Nikupigie Windows?" Nikamshukuru, nikaondoka nayo. Hakuwa amesema uongo mtupu, maana zipo kadi zenye viendeshi (programu zinazouwezesha mfumo kuitumia kadi) vizuri upande wa Windows na vya kuungaunga upande wa Linux. Lakini kubadili mfumo mzima kwa ajili ya kadi moja ni kubomoa nyumba kwa sababu ya kitasa.

Nyumbani nilifungua madirisha mawili ya terminali, pale pa kuandikia amri, ili nitumie `ping`, amri inayobisha hodi kwenye anwani na kupima muda wa jibu. La kwanza nikaliandikia `ping 192.168.1.1`, ambayo ndiyo rauta yangu, na la pili `ping 1.1.1.1`, ambayo iko nje kabisa. Rauta yako huenda ina anwani nyingine. Andika `ip route`, utaiona baada ya maneno `default via`. Kisha nikaendelea na kazi huku nikiyatazama kwa jicho la pembeni. Lingesimama dirisha la pili peke yake, ningejua kasoro iko kwa mtoa huduma, au bando limeisha. Yalikuwa yanasimama yote mawili kwa pamoja. Kompyuta ilikuwa inashindwa kuifikia rauta iliyo upande wa pili wa sebule, na hapo hakuna wa kumpigia simu kugomba naye.

Hata wakati waifai haijakatika, namba hazikueleweka. Zinakuja 4 ms (milisekunde), 3 ms, mara 180, mara 260, halafu 5 tena. Kwa rauta iliyo chumba kimoja na wewe, namba za mamia hazina maelezo mengi, na mara nyingi maana yake ni kwamba kadi inasinzia. Rauta hujitangaza hewani takriban mara kumi kwa sekunde. Kadi iliyowekwa kwenye hali ya kubana umeme hulala kati ya tangazo moja na jingine, ikaamka kuuliza kama kuna mzigo wake, ikalala tena. Ikifanywa vizuri hutahisi kitu. Ikifanywa vibaya, mzigo unasubiri mlangoni na wewe unaona mtandao unasuasua.

Kuangalia ni rahisi. `iw dev` itakupa jina la kadi (yangu ni `wlp2s0`), halafu `iw dev wlp2s0 get power_save`. Yangu ilijibu `on`. Nikaizima kwa `sudo iw dev wlp2s0 set power_save off`, na kwenye lile dirisha la ping namba zikatulia papo hapo, 3, 4, 3, 3. Ila amri hiyo husahaulika ukiwasha upya kompyuta. Dawa ya kudumu kwa Mint na Ubuntu iko kwenye faili `/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf`. Ndani yake kuna mstari `wifi.powersave = 3`. Weka 2 badala ya 3, kisha `sudo systemctl restart NetworkManager`. Jina la faili litabaki linasema "on", usilijali. Betri inaliwa zaidi kidogo kwa nadharia, mimi sijaona tofauti ya kuniumiza.

Wengi wakifika hapa wanakuwa wamepona. Mimi nilipona nusu. Ule uzito wa dakika kwa dakika uliisha, lakini kukatika kabisa kuliendelea, hasa nikifunga kifuniko nikaenda kula na kurudi. Kompyuta inaamka, waifai haipo kabisa kwenye orodha, mpaka nikiondoe kiendeshi kwa `modprobe -r` na kukirudisha. Nilisasisha kifurushi cha `linux-firmware`, chenye programu dhibiti zinazoendesha kadi kwa ndani, na kuchukua kerneli (kiini cha Linux) mpya zaidi kupitia Meneja wa Masasisho wa Mint. Afueni ikawa kiduchu. (Nilipokuwa nahangaika niliona pia kwamba diski ya nje ya USB 3 ikikaa karibu na kona yenye antena, masafa ya 2.4 GHz yanachafuka. Hilo si uchawi, Intel waliliandikia waraka tangu 2012. Sogeza diski, au hamia 5 GHz.)

Kilichonifanya niache kubahatisha ni kumbukumbu za mfumo. Niliacha `journalctl -f -u wpa_supplicant` ikitembea hadi ilipokatika tena, na mstari ukatokea:

`wlp2s0: CTRL-EVENT-DISCONNECTED ... reason=4 locally_generated=1`

Namba 4 ni kukatana kwa sababu ya ukimya. Ya maana ni hayo maneno ya mwisho: uamuzi wa kukata umetoka kwenye kompyuta yenyewe. Ingekuwa rauta ndiyo imetufukuza, `locally_generated=1` isingekuwepo, na ningeanza kuikagua rauta. Kadi ilikuwa inapoteza masikio, inadhani rauta imenyamaza, inaaga. Simu ya mezani ilikuwa shahidi kwamba rauta haikunyamaza. Baada ya hapo sikuwa tena na sababu ya kuchezea mipangilio.

Sasa kadi. Nilichagua Intel AX200 kwa sababu kiendeshi chake, `iwlwifi`, kimo ndani ya kerneli yenyewe. AX200 inakubalika kuanzia kerneli 5.1 ya mwaka 2019, kwa hiyo karibu Linux yoyote ya leo inaitambua bila kushusha kitu. Watumiaji wa Debian nao wamepumua tangu toleo la 12 la mwaka 2023, maana diski rasmi ya kusakinishia sasa inakuja na programu dhibiti za kadi za namna hii.

Dukani kuwa macho. Kuna AX200 na kuna AX201, zinafanana sura, na muuzaji anaweza kukuambia ni kitu kimoja. Si kimoja. AX201 inategemea sehemu ya waifai iliyo ndani ya chipu za Intel, na kwenye mashine ya AMD kama yangu haifanyi chochote. Soma karatasi iliyobandikwa juu ya kadi kabla ya kutoa hela. Mimi niliipata mtaa wa Aggrey kwa chini kidogo ya shilingi 50,000 baada ya kuvutana bei.

Kuifunga kunahitaji bisibisi ndogo na subira. Nilizima kompyuta, nikafungua kifuniko cha chini, nikachomoa betri kwanza, nikapiga picha jinsi nyaya mbili za antena zilivyokaa, mweusi na mweupe. Skrubu ni moja tu. Ukiitoa, kadi inanyanyuka yenyewe kwa mshazari. Kazi ngumu ni kurudisha vile vichwa vya antena, ambavyo ni vidogo kuliko punje ya mtama na vinavunjika ukivilazimisha. Kiweke sawa juu ya kitufe chake cha dhahabu, kisha bonyeza kwa ukucha wa dole gumba mpaka usikie "tik". Usiposikia, hakijaingia, na utaishia kupata waifai inayoshika ukiwa mbele ya rauta tu.

Nikawasha. `lspci -k` ikaonyesha `Kernel driver in use: iwlwifi`, majina ya mitandao ya majirani yakajaa, nikaweka nywila, basi. Nafunga kifuniko na kufungua, waifai inarudi kabla sijamaliza kuandika nenosiri la kuingilia. Kwenye vikao sasa anayeganda ni mwingine. Kasi haijaongezeka sana, na sikutarajia, kwa kuwa rauta yangu ni ya kizamani na Wi-Fi 6 ya kadi hii haina wa kuongea naye.

Kabla hujanunua, hakikisha kadi yako inachomoka, maana kwenye kompyuta nyingi nyembamba kadi imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao. Baadhi ya kompyuta za kiofisi za zamani nazo zina BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) inayokataa kadi isiyo kwenye orodha yake, zinagoma hata kuwaka.

Na kuna ila moja ambayo kwa wengine ni kubwa. Ukitaka kompyuta igawe intaneti, AX200 inakubali hotspoti ya 2.4 GHz lakini kwenye 5 GHz inagoma. Ukiandika `iw list` utaona chaneli hizo zimewekewa `no IR`, yaani kadi hairuhusiwi kuanza kurusha mawimbi yenyewe, na `iw reg set TZ`, amri ya kuiambia kwamba tuko Tanzania, haibadilishi kitu kwa sababu kadi hujipangia yenyewe kanuni za nchi. Kama mpango wako ni kuigeuza kompyuta kuwa rauta ya nyumba nzima, tafuta kadi nyingine.