Makaburi ya Misheni Bagamoyo: mtembezaji wangu na ufunguo wa pikipiki

Naanza na ufunguo, kwa sababu bila huo ufunguo nisingeandika kitu. Mtembezaji niliyemlipa anionyeshe makaburi ya wamisionari pale Misheni alisimama kwenye jiwe moja la kulala, herufi zimezibwa na ukoga mweusi. Nikauliza, huyu ni nani? Badala ya kusema hajui, akachomoa ufunguo wa pikipiki mfukoni, akachutama, akaanza kukwangua. Unga mweupe ukawa unamwagika juu ya kiatu chake. Nikamwambia, "Kaka, acha, unaliharibu jiwe la watu." Akajibu bila hata kuinua kichwa: "Dada yangu, mimi nimezaliwa hapa hapa. Historia ya Bagamoyo utanifundisha wewe?"

Sawa. Ngoja basi tuiseme hiyo historia.

Alikuwa ameshatutangazia kundi zima, kwa sauti ya mnadani, kwamba David Livingstone amezikwa hapa. Hajazikwa hapa. Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia, 1 Mei 1873. Moyo wake ulizikwa kulekule chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa jua kama majuma mawili, ukaviringwa kwa kitambaa na gome la mti, kisha watumishi wake, kina Chuma na Susi, wakaubeba miezi na miezi mpaka pwani. Bagamoyo uliingia Februari 1874, ukalazwa kwenye kanisa la Misheni, ndiyo maana ule mnara wa zamani watu wanauita wa Livingstone. Ukavushwa Unguja, ukapakiwa meli, ukazikwa Westminster Abbey, London, 18 Aprili 1874. Huko Uingereza waliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliowahi kuvunjwa na simba. Kwa hiyo pale Misheni alipita akiwa maiti, na ni kisa kikubwa tosha. Hakihitaji kaburi la kubuni.

Halafu akaongeza kuwa na Padri Antoine Horner "yuko humu humu". Horner ndiye aliyewaleta Mapadri wa Roho Mtakatifu kutoka Unguja kuja kuanzisha Misheni hii mwaka 1868, hilo ni kweli. Ila aliondoka akiwa mgonjwa na akafia Ufaransa mwaka 1880. Charles Sacleux, yule padri wa kamusi ya Kiswahili na Kifaransa, naye alifia Ufaransa, 1943. Na Wajerumani waliokufa wakati wa vita vya Abushiri wana makaburi yao ufukweni, upande wa mti wa kunyongea. Si sehemu ya Misheni kabisa. Huyu bwana alikuwa amewakusanya wote pamoja kama abiria wa daladala.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Majina makubwa anayoyauza hayapo pale. Waliopo anawaruka. Waliolala pale ni mapadri, mabruda na masista ambao dunia haiwajui, wengine walikuja vijana, homa ikawamaliza kabla hawajazoea hata joto la Machi. Mabruda ndio waliokuwa mafundi seremala na waashi. Masista wa mwanzo, Mabinti wa Maria, walitokea kisiwa cha Réunion. Na watu waliokombolewa utumwani, wale waliojenga pango la Bikira Maria mwaka 1876, wao wamelala wapi? Niliuliza mara mbili. Mara ya pili akatazama saa.

Kwa mtu anayetaka kwenda kusoma yale mawe mwenyewe, hivi ndivyo ilivyo. Ukoga mweusi na ule wa kijivu unaonata hauko juu tu, nyuzi zake zimeingia ndani ya matundu ya jiwe. Mawe ya pwani na plasta ya chokaa ni laini, na upepo wa bahari umeyajaza chumvi miaka zaidi ya mia. Ukikwangua, hautoki ukoga peke yake, linatoka na ganda la juu, na herufi imechongwa kwenye hilo ganda. Baada ya ule ufunguo, tarakimu moja iliyokuwa 3 yenye mashaka sasa ni 8 yenye uhakika. Atakayekuja baada yangu ataisoma 8 na ataiandika 8.

Chaki nayo usiipake, hata kama kila mtu anapaka. Inabaki kwenye mikwaruzo na kesho yake jiwe linasomeka uongo. Jik na sabuni ya unga usiguse, vinaacha chumvi nyingine ndani. Brashi ya waya ni ndugu yake ufunguo. Na mkiona ufa msikimbilie saruji: saruji ni ngumu kuliko chokaa, inazuia unyevu kutoka, kwa hiyo unyevu unatafuta njia pembeni na jiwe linaanza kumomonyoka kuzunguka kiraka. Mtaona kiraka kimesimama kizima na jiwe lenyewe limekwisha.

Kinachofanya kazi ni mwanga wa ubavuni. Nenda asubuhi mapema au baada ya saa kumi jioni, jua likiwa chini. Saa sita mchana huoni kitu, na ndiyo saa aliyotupeleka yeye. Ukikwama na mchana, mtu mmoja atandaze kanga kuzuia jua, mwingine aweke tochi ya simu usawa wa jiwe, karibu iguse, imulike herufi kwa ubavu. Vivuli vinajaa kwenye michongo na jina linajitokeza lenyewe. Piga picha tatu, tochi ikitokea pande tofauti. Kioo cha ukutani cha kawaida kinafanya kazi hiyohiyo kwa kurudisha jua. Kama kuna vumbi tu, na umeruhusiwa, tumia mswaki laini na maji safi, ukianza chini kupanda juu ili michirizi isikaukie kwenye sehemu kavu. Maji ya chupa au ya mvua. Maji ya kisima ya Bagamoyo mengi yana chumvi, ungekuwa unamwongezea mgonjwa ugonjwa.

Ukisoma, angalia vifupisho. P. au R.P. kwenye jiwe la Kifaransa ni padri, lakini Fr. huwa ni bruda (Frère), si Father wa Kiingereza, na hapo ndipo watembezaji wengi wanampandisha bruda daraja bila askofu kujua. C.S.Sp. ni shirika lao la Roho Mtakatifu. Mwaka ukikutatiza usibahatishe: parokia huandika waliofariki kwenye vitabu vyake, na kumbukumbu za shirika ziko Chevilly, Ufaransa. Makumbusho ya pale Misheni pia yasikupite, yamo kwenye nyumba ya zamani ya masista.

Nilitaka kuandika msiende. Hapana, nendeni. Pako safi, pana kivuli, na ile njia ya miembe peke yake inatosha kukutoa Dar. Mtembezaji mwenyewe, nikiwa mkweli, kwenye mbuyu alieleza vizuri, kile kisa cha mnyororo uliomezwa na mti alikipanga kikapangika, hata mimi nikacheka. Nikasema nitampa nyota tatu. Kisha nikafungua simu nikaiona picha ya ile 8.

Moja. Na hiyo moja ni ya mbuyu.

Mama anayefagia alinionyesha bila kudai senti makaburi mawili ambayo yeye hapigi fagio la chelewa, anaokota majani kwa mkono, kwa sababu plasta imeshaanza kuachia. Ukienda, muulize yeye kwanza. Na bodaboda mwambie "Misheni, kwenye makaburi ya mapadri". Ukisema makaburi ya kale tu atakufikisha kwenye magofu ya Kaole, na nauli ya kurudi ni juu yako.