Uzoefu wangu na Sillanpää: anza na Juha, Silja atasubiri

Kama unataka kumjaribu F. E. Sillanpää, mwandishi wa Ufini, usianze na riwaya yake ya Silja, yule msichana wa kazi anayekufa kijana kwa kifua kikuu, ingawa ndiyo iliyomtangaza nje ya Ufini baada ya 1931. Anza na riwaya ya Juha, Hurskas kurjuus ya 1919. Mimi nimeisoma kwa Kiingereza, tafsiri ya Alexander Matson ya 1938, iitwayo Meek Heritage. Nakala yangu ni ya mtumba. Muuzaji alisema iko vizuri, lakini kurasa zilianza kuachia kabla sijafika katikati. Nikaendelea hivyo hivyo.

Mwandishi hakufichi kitu. Mwanzoni kabisa unaambiwa Juha Toivola ameshauawa kwa risasi, akiwa upande wa Wekundu, yaani wasoshalisti wa wafanyakazi na maskini walioshindwa na Weupe, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ufini vya 1918. Wala hapambwi: mzee mwenye upara, sura mbaya, akili nzito. Kisha simulizi inarudi nyuma miaka sitini, hadi kuzaliwa kwake. Utamkuta mtoto katika njaa kubwa ya 1866 hadi 1868, halafu kwa mjomba ambako ni mzigo tu, halafu kibarua, na mwisho ana kibanda kwenye ardhi ya tajiri, kodi akiilipa kwa siku za kazi. Hata jina hana moja. Mara Jussi, mara Juha, mara Janne, kutegemea yuko wapi na nani anamwita. Ukishazoea utaona ndivyo kabwela anavyohesabiwa.

Binti yake Hiltu anapelekwa kufanya kazi za ndani, na huko anajitosa majini. Sillanpää anaipitisha habari hiyo bila kilio. Hapo nilifunga kitabu nikaenda kuchemsha chai.

Sillanpää mwenyewe alizaliwa 1888 Hämeenkyrö, katika nyumba ya kimaskini. Alisomea biolojia Helsinki, akaacha bila shahada, na kwa kweli anamtazama binadamu kama kiumbe kwenye mazingira yake. Ila kitabu hiki kilihitaji moyo. Vita vile viliua watu zaidi ya 36,000, wengi wao Wekundu, na wengi hawakufia vitani. Walipigwa risasi baadaye au walikufa kambini kwa njaa na maradhi. Mwaka mmoja tu baadaye, washindi wakiwa madarakani, yeye anamwandika Mwekundu kama mtu. Hamfanyi shujaa pia. Juha anaingia siasa bila kuielewa sawasawa.

Kasoro? Anapenda kusimamisha hadithi ili ahubiri, na mara nyingine anamcheka Juha kwa juu juu, jambo lililonikera. Nyota nne.

Tuzo ya Nobel ya fasihi aliipata Novemba 1939, na mwezi haujaisha Wasovieti wakaivamia Ufini. Anayependa hadithi za mbio mbio asinunue. Mwenye subira atafute nakala yenye jalada gumu, zangu kurasa nimezifunga kwa mpira.