Pombe za kienyeji: ipi ununue kwanza ukirudi kilabuni

Mtu akishapata kazi mjini, kilabu cha pombe ya kienyeji ndicho cha kwanza kusahauliwa. Bia ya chupa ina baridi, ina nembo, na ladha yake leo ni ileile ya mwaka jana. Kilabu kinaachiwa wazee, na kinasemwa kwa uchafu na ulevi wa saa nne asubuhi. Vipo vilabu vinavyostahili maneno hayo. Vipo pia vyenye akina mama wanaopika pombe kwa ustadi mkubwa, na hao ndio ninaowatetea hapa.

Pombe hizi ziko hai. Zinaendelea kuchacha mpaka dakika unayokunywa, kwa hiyo swali la kwanza si bei, ni "imeiva lini?" Nimezipanga kwa kigezo kimoja, ugumu wa kuzichakachua, kwa sababu anayerudi kilabuni baada ya miaka ya bia ya chupa bado hajui kutambua iliyoharibiwa.

Namba moja ni mbege ya Wachaga. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi, zikaachwa siku kadhaa zichache, kisha zikachujwa. Pembeni ulezi huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa na kusagwa, halafu unapikwa uji ambao ndio huchanganywa na maji ya ndizi. Gome la msesewa huleta uchungu, kazi ileile ya hopsi kwenye bia ya kiwandani. Hatua ni nyingi, na anayeiruka mojawapo anaumbuka mdomoni mwa mnywaji.

Mwambie muuzaji aikoroge kwanza, maana ulezi hutuama chini. Itazame ndani ya kata: povu jepesi linalopasuka polepole, rangi ya kahawia, vipovu vidogo vikipanda kandokando. Ulimi unapaswa kugusa chengachenga za ulezi. Utamu wa ndizi unatangulia, uchachu unafuata, na uchungu wa msesewa unabaki kooni. Ukikuta utamu mkali usio na uchungu wowote, shuku sukari. Ikiwa chachu mpaka unafumba macho, ilikuwa nzuri jana. Na muuzaji aonje mbele yako kabla hajakupa. Ni desturi ya siku nyingi, na mwenye pombe safi haoni shida kuifuata.

Nunua kwa anayepika mwenyewe, kule Marangu, Kibosho au Machame. Mbege inapatikana Dar es Salaam pia, lakini ile iliyosafiri kwa basi inakuwa imechacha njia nzima. Tafuta mpishi anayechanganya uji na maji ya ndizi hapohapo mjini.

Namba mbili, ulanzi wa Iringa na Njombe. Huu haupikwi. Chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, likachanjwa asubuhi na jioni, na utomvu ukadondokea kwenye kikombe cha mwanzi kilichofungwa hapohapo. Wa asubuhi ni mtamu, hata asiyependa kulewa anaufurahia. Ukikaa unakuwa mkangafu, na huo hauna mzaha. Kwa ladha tupu ningeuweka juu ya mbege. Umeshuka kwa sababu una msimu wake, wakati wa mvua, Desemba hivi mpaka Aprili au Mei, na nje ya hapo ni rahisi kuuziwa uliochakachuliwa. Anayekuuzia "ulanzi" mwingi wa bei rahisi katikati ya kiangazi, muulize ameutoa wapi.

Namba tatu ni mnazi, au tembo, pombe ya utomvu wa mnazi. Wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mnunuzi achukue maneno hayo kama yalivyo. Tembo la asubuhi, kutoka Tanga mpaka Kilifi, ni jeupe, tamu, lina gesi yake ya asili. Kufikia jioni limekuwa kali, na kesho yake linaelekea siki. Kwa hiyo jua saa ambayo mgema wako anashuka mnazini, umkute pale chini, kabla dumu halijapita mikono mingine. Likikuchachia nyumbani usilimwage. Siki ya mnazi inafaa kwenye achari kuliko siki nyingi za dukani.

Rubisi ya Kagera ni namba nne. Ni ndizi mbivu zilizokamuliwa kwa nyasi na kuchachushwa kwa mtama uliokaangwa na kusagwa, na ndugu zake ni tonto ya Uganda na urwagwa wa Rwanda. Ni nzuri, ila juisi ya ndizi huongezwa maji kirahisi. Ikiwa nyepesi mno, acha.

Wanzuki na kangara nimeziweka mwisho kwa masikitiko. Wanzuki ya asali halisi, kama ile ya Tabora, ni kinywaji cha heshima. Shida ni kwamba asali ni ghali, na sukari na hamira viko kila duka. Nunua tu kama unamfahamu mrina asali anayempelekea mpishi. Kangara na komoni, pombe za nafaka, zina jambo jingine: mahindi. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Omba kuona nafaka. Anayekuonyesha gunia bila kununa ni wa kurudiwa.

Kama uko mbali na hizi zote, kuna Chibuku ya boksi. Inatengenezwa kiwandani kwa nafaka na inaendelea kuchacha ndani ya boksi, kwa hiyo soma tarehe na uitikise kabla ya kufungua.

Gongo, pombe kali ya kukeneka, haimo kwenye orodha hii. Ni haramu kisheria, na mitambo ya vichakani haitenganishi methanoli inayopofusha na kuua. Kilabu kinachouza mbege mbele na gongo uani, toka.

Ukishampata mpishi mmoja anayekuridhisha, muulize siku zake za kupika na uende siku pombe inapoiva, mapema, na dumu lako safi. Usifunge kifuniko mpaka mwisho. Gesi ikikosa pa kutokea, dumu linaweza kupasuka ndani ya gari.