Uzoefu wangu wa kuiwekea laptopu ya zamani SSD: pima kwanza, kasi utaiuliza baadaye

Laptopu ninayofanyia kazi katika steshenari yangu ya Ngamiani, mjini Tanga, ni Lenovo ThinkPad T440, toleo la mwaka 2013, ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Kwa muda mrefu sikuwa na ugomvi nayo. Baadaye ilianza kuchukua zaidi ya dakika tatu kuwaka, na mteja aliyekuja kuchapisha barua ya ukurasa mmoja alikuwa akisimama mbele yangu akitazama kiduara kinachozunguka kwenye skrini, huku mimi nikitafuta maneno ya kumzuia asivuke barabara kwenda kwa jirani. Isitoshe, kila asubuhi huipakia kwenye baiskeli kutoka Mabawa, na diski yake, ya aina ile yenye sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, ilikuwa imeanza kutoa mlio wa kugongagonga ambao fundi akiusikia hukuambia uhamishe mafaili yako usiku huohuo.

Kosa langu lilikuwa kununua SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu badala ya sahani zinazozunguka, kabla ya kufungua laptopu. Muuzaji mmoja alinionyesha SSD nyembamba ya M.2 (umbo la kipande kinachochomekwa kwenye tundu la ubao wa laptopu), aina ya NVMe, akaniambia, "Dada, hii ndiyo yenye kasi kuliko zote, na inaingia laptopu yoyote." Kuhusu kasi hakunidanganya, kwa kuwa NVMe nzuri inayotumia njia ya data ya PCIe 3.0 hufikia takriban megabaiti 3,500 kwa sekunde, wakati SSD inayotumia SATA, njia ya zamani zaidi, huishia karibu na 560. Kuhusu kuingia ndipo mambo yalipoharibika. Nilipofungua kava la chini nilikuta tundu la M.2 kweli lipo, lakini ni la kipande chenye urefu wa milimita 42, na nilichoshika mkononi kilikuwa na milimita 80. Hata pengo lililo kwenye meno yake halikulingana na kizuizi cha tundu. Taarifa hizo zote zilikuwa zimeandikwa kwenye lebo, kwani namba 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, na 2242 husomwa vivyo hivyo. Ubaya zaidi ni kwamba zipo M.2 za SATA na M.2 za NVMe ambazo kwa macho zinakaribia kufanana, kwa hiyo hata urefu ukikubali, laptopu inaweza isiitambue kabisa. Muuzaji aliipokea lakini alikata shilingi 15,000 kwa sababu pakiti ilikuwa imefunguliwa, na mpaka leo sijaamua kama nimlaumu yeye au haraka yangu.

Safari ya pili nilitoa kwanza diski ya zamani nikaipima kwa rula. Ilikuwa ya inchi 2.5, na unene wake ulikuwa milimita 7. Unene huo usiudharau, kwa sababu zipo laptopu zenye nafasi ya milimita 9.5, ambamo diski nyembamba hucheza isipowekewa fremu, na zipo kama yangu ambazo diski nene haiingii hata ukiisukuma. Nikachagua Crucial MX500 ya gigabaiti 500, inayotumia SATA na yenye unene wa milimita 7. Zilikuwapo za bei nafuu zaidi, ila hii ina kumbukumbu yake ya muda ya ndani, DRAM, inayoisaidia kuwa na kasi, dhamana ya miaka mitano, na uwezo uliotajwa wa kuandikiwa terabaiti 180. Hata nikiiandikia gigabaiti 20 kila siku, jambo ambalo steshenari yangu haifikii, hesabu hiyo inapita miaka 24.

Kuifunga ilikuwa kazi ndogo kuliko nilivyoogopa. T440 ina betri ya pili ndani, ambayo huzimwa kupitia BIOS, menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, kabla ya kugusa chochote. Nilihamisha kila kitu kwa Clonezilla kwa kutumia kebo ya USB ya kuunganishia diski ya SATA. Programu hiyo kwa kawaida hutaka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, na zangu zote mbili zilikuwa za gigabaiti 500. Windows iliponionyesha gigabaiti 465 nilishtuka kidogo, kumbe ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu. Baada ya hapo nilifungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma hali ya diski, kuhakikisha kwamba saa za kuwashwa ni chache, maana bidhaa iliyotumika huweza kurudishwa kwenye boksi na kuuzwa kama mpya. Ninashauri ukaguzi huo ufanyike ukiwa bado dukani, muuzaji akiona.

Sasa laptopu huwaka ndani ya sekunde 20 hivi, mlio umekwisha, na matuta ya Mabawa hayanitii tena wasiwasi, kwa kuwa SSD haina kitu kinachozunguka ndani. Hata hivyo haikuponya kila ugonjwa. RAM yangu ni gigabaiti 4, na nikifungua kurasa nyingi za maombi ya vyuo kwa pamoja bado inasita. Prosesa yake, ambayo ni Intel ya kizazi cha nne, haimo katika orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo najua kwamba siku za mashine hii zinahesabika. Ikifika siku hiyo nitaichomoa MX500. Laptopu nyembamba za siku hizi nyingi hazina tena nafasi ya inchi 2.5, na ikiwa nitakayoinunua ni mojawapo, nitaitia SSD hii kwenye kasha la USB niitumie kuhifadhia kazi za wateja.