Mguu wa Jenerali Sickles, Silver Spring: kauone, ila msome mwenyewe kwanza

Makumbusho ya Taifa ya Afya na Tiba yako Silver Spring, Maryland, nje kidogo ya Washington, na kuingia ni bure. Wengi huenda kuiona risasi iliyomuua Lincoln. Mimi nafunga plasta hospitalini, mifupa ndiyo kazi yangu, kwa hiyo kilichoninasa ni mguu wa Daniel Sickles.

Ni mifupa miwili ya muundi wa kulia, imevunjika vipande vipande. Pembeni kuna tufe la chuma la ratili 12, la aina iliyompiga tarehe 2 Julai 1863 kwenye mapigano ya Gettysburg, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mvunjiko kama ule hata leo unamtoa daktari jasho. Enzi hizo dawa yake ilikuwa msumeno. Wakamkata juu ya goti siku ileile. Mguu haukuzikwa. Aliutuma kwenye makumbusho haya, wakati huo yakiwa ya jeshi, ndani ya kijeneza kidogo chenye kadi ya salamu zake, na baadaye akawa anakuja kuutembelea. Wagonjwa wangu hata picha ya eksirei hawataki kuiangalia!

Lakini soma habari zake kabla hujaenda, la sivyo utamhurumia bure. Huyu ni wakili wa New York, mbunge, aliyewahi kuwa katibu wa ubalozi London. Mwaka 1859, mchana kweupe, jirani kabisa na Ikulu, alimpiga risasi Philip Barton Key, mwendesha mashtaka wa Washington, aliyekuwa hawara wa mke wa Sickles. Mawakili wake wakadai alipatwa na kichaa cha muda, naye akaachiwa. Hapo Gettysburg napo alisogeza kikosi chake mbele bila amri ya Meade, mkuu wake; zaidi ya watu wake 4,000 wakauawa, wakajeruhiwa au wakapotea. Malipo yake? Ubalozi wa Hispania mwaka 1869, kisha nishani ya juu kabisa ya ushujaa mwaka 1897. Aliishi hadi 1914, na hakuacha kudai kwamba yeye ndiye aliyeokoa vita ile.

Mwenye moyo mwepesi ajue kwamba humo mabaki ya binadamu ni mengi, si mguu huu tu. Angalia saa za kufungua kabla hujatoka nyumbani.

Makumbusho nayapa nyota tano. Sickles mwenyewe mbili, na moja ni ya mguu.