Nililipia gemu la Glorantha, nikaambiwa hadithi ya mungu wangu ni uongo

Sina kawaida ya kuandika maoni ya huduma ila hii imenikaa rohoni tangu kile kikao cha nne, acha niseme tu.

Tulilipia vikao sita vya RuneQuest, gemu la mezani la kuigiza wahusika kwa dadu, wachezaji watano mezani na kaka mmoja anayeendesha. Mambo ya sheria na vitabu mtayatafuta wenyewe. Mi nilienda kwa ajili ya dunia yenyewe ya kubuni, Glorantha, ile Greg Stafford alianza kuiandika 1966, naipenda kwa sababu kule hadithi za miungu hazisimuliwi zikaishia hapo, zinafanya kazi, watu wanaziigiza kwenye ibada wanaingia ndani kabisa kwa miungu na wakitoka huko dunia imebadilika kweli.

Chukua hii ya jua. Orlanth mungu wa dhoruba alimuua Yelm, Mfalme, ambaye ndiye jua, giza likaingia kila mahali, mwisho Orlanth akashuka kuzimu na wenzake na jua likarudi. Watu wa Orlanth wanasema mungu wetu alikosea akaenda kurekebisha, ni shujaa. Watu wa Yelm wanasema yule ni muasi, muuaji, na Mfalme alirudi kwa haki yake mwenyewe, huyo kijana alikuja tu kunyenyekea. Na jamani ZOTE MBILI zinafanya kazi! Huyu akiomba anapewa radi, yule akiomba anapewa moto wa jua. Hakuna wa kumwambia mwenzake ya kwako feki.

Vikao vitatu vya kwanza siwezi kusema uongo, vilikuwa vitamu mno, siku ya giza yule kaka alizima taa tukabaki na mshumaa mmoja, mpaka leo nikikumbuka nasisimka.

Sasa kikao cha nne. Mhusika wangu anatoka Dara Happa, nchi ya watu wa Yelm, naye ni muumini wake, ni mateka kwenye ukoo wa watu wa Orlanth, na yule kaka mwenyewe ndo alimkubali tangu mwanzo. Wenzangu wakafanya ibada ya kushuka kuzimu, wakafika mbele ya Yelm, nikasimama nikasema hapa kwetu inasimuliwa hivi, nikaisimulia yote, nikarusha dadu. 07! Nilikuwa na uwezo wa 80 kwenye karatasi ya mhusika wangu, na kule namba ikiwa ndogo ndo umefaulu zaidi, meza nzima wakapiga kelele.

Yeye hata dadu hakuziangalia. "Dada, hiyo ni propaganda ya kwenu, ya kweli ni ya Orlanth, usituvurugie stori." Akazichukua dadu zangu akaziweka kando yake kama vile ananyang'anya mtoto.

Ya kweli! Kwenye Glorantha! Nikamwambia kaka, kulikuwa na watu kule wanaitwa God Learners walifanya hivi hivi unavyofanya, walijiona wamejua hadithi moja ya kweli iliyo chini ya hadithi zote, wakachukua miungu wawili wa kike wa nafaka, kila mmoja na nchi yake, wakawabadilisha nchi eti ni mmoja kwa majina tofauti, mazao yakagoma, na mwisho wa enzi yao ardhi zao zikazama baharini. Akanijibu kama umechoka mlango ule pale. Mbele ya watu. Na hela yangu kashakula.

Nilitaka kuandika msiende kabisa. Lakini kusema haki anajua kusimulia kuliko yeyote niliyewahi kukaa naye meza moja, na kama wote mnacheza upande wa Orlanth mtafurahi sana, nendeni. Ila hapana, ngoja, mtafurahia nini sasa kama adui zenu wote ni waongo tu? Raha yote ni kumkuta adui kuzimu na ukweli wake mkononi, unatetemeka hujui jua litamsikiliza nani. Akiondoa hiyo amebakiza nini cha kulipia? Msiende. Au nendeni ila mumuulize mapema.

Juzi kanitumia meseji, dada bado una vikao viwili njoo. Nimemjibu sidai hela wala sihitaji samahani, nitakuja siku ile 07 yangu ikihesabiwa. Ameisoma, hajajibu.